Ngozi ya Kuazima

Tulipomzika baba mwezi uliopita, watu wa Kwai walimsifu kwa mambo mengi, na mengi yalikuwa kweli. Walisema alikuwa mkulima hodari, kwamba hakukosa kanisani, kwamba maisha yake yote hakuwahi kumpandishia mtu sauti. Hilo la mwisho nililisikiliza nikiwa nimeinamisha kichwa, maana kutopandisha sauti kwa baba ndiko kulikotuvunjia nyumba. Mdogo wangu Naomi alikaa kando yangu kwenye mkeka, amejifunga kitenge hadi shingoni kama afanyavyo siku zote, hata jua likiwaka. Chini ya kitenge kile kuna kovu linaloanzia kwenye bega na kushuka hadi tumboni. Na baba, ndani ya jeneza lake, alikuwa na alama kwenye paja la kushoto, pana kiasi cha viganja viwili, nyororo, isiyoota hata unywele mmoja. Alama hizo mbili ni za mwaka mmoja. Mimi nilikuwa na miaka kumi na sita, nimemaliza darasa la saba, nipo nyumbani nangoja nisichokijua, na huo ndio mwaka niliokua, nitake nisitake.

Ulikuwa mwaka ambao sukari haionekani. Chai tuliinywa kwa kuitafunia kiazi kitamu, na sabuni ya mche mama aliikata kwa uzi, vipande vyembamba, kila mtu na chake. Mwezi wa saba ukungu ulishuka hadi mlangoni, na mtu asiye na kazi alikuwa na haki moja tu, kuota moto. Asubuhi ile mama alikuwa amekwenda kumkatia ng'ombe majani, mimi nimekwenda kisimani, na jikoni alibaki bibi, mama yake baba, pamoja na Naomi ambaye alikuwa bado hajafika miaka minne. Makande yalikuwa yanatokota kwenye chungu kikubwa. Figa moja lilicheza, chungu kikainama, na yote yaliyokuwamo yakammwagikia mtoto kifuani. Nilisikia kilio chake kabla sijafika kwenye migomba, nikatupa ndoo. Bibi alikuwa amesinzia. Hakuna aliyelitamka hilo, si siku ile wala baadaye, na naamini kulitamka mapema kungetuepusha na mengi, kwa sababu mtu mwenye hatia isiyosemwa huitafutia mahali pa kuipeleka.

Majirani walimbeba kwa machela hadi barabara kubwa, na lori la chai likatufikisha hospitali ya misheni. Wodi ya watoto ilikuwa chumba kirefu chenye sakafu nyekundu iliyopigwa nta, na madirisha yaliyokaa juu mno mtu kuona nje. Naomi alilazwa chini ya fremu ya waya iliyofunikwa shuka, ili nguo isimguse. Mama alikaa kwenye kigoda kando ya kitanda, na mimi nilikaa jikoni kwa wauguzaji, banda la mabati nyuma ya wodi ambamo kila mgonjwa alikuwa na mafiga yake na kila mwenye mafiga alikuwa na habari. Kule ndiko nilikojifunza mengi kuliko shuleni. Nilikuwa nakoroga uji huku nimetega sikio. Wiki yetu ya kwanza kulikuwa na mama mmoja ambaye mumewe alikuwa amekatwa mguu uliooza, na shemeji zake waliuomba ule mguu, wakapewa, wakaenda nao nyumbani ndani ya gunia kuuzika. Wanawake wa jikoni walibishana siku nzima kama waliokwenda kuuzika mguu wanastahili kupikiwa au la. Mmoja akasema wapikiwe, lakini robo tu ya chakula cha msiba. Tulicheka hadi Sista Agneta, muuguzi mkuu wa wodi, akaja kutunyamazisha. Lakini kuhusu kuuzika wenyewe hakuna aliyebisha. Kilichokuwa mwili wa mtu hakitupwi.

Naomi hakuwa anapona. Sehemu iliyoungua ilikuwa kubwa, na yeye mwenyewe alikuwa mdogo na amedhoofu, kiasi kwamba daktari aliogopa kumchukulia ngozi yake akazidi kumtia majeraha. Alitaka ngozi ya mtu mzima wa kumfunika kwanza. Mama alijitoa mara moja, akapimwa, akaambiwa damu yake ni pungufu mno. Ndipo baba alipofika kutoka Korogwe, alikokuwa anakata mkonge, shati lake bado lina madoa ya utomvu ambayo hayatoki hata ulifue namna gani. Alimtazama mtoto chini ya ile shuka, akatoka nje, akarudi, akasema, "Nikateni mimi." Hakuuliza kama itauma. Hilo nalisema wazi kwa sababu ni haki yake: baba hakuwa mwoga wa kisu.

Daktari alikuwa mzee mrefu, mgeni, anayesema Kiswahili polepole kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Alimkalisha baba kwenye benchi la ukumbini. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na sufuria ya uji, namsubiri mama aje kuipokea. "Ngozi hii ni ya kuazima," alimwambia. "Itamfunika wiki chache apate nguvu, halafu itatoka. Itatoka hata kama wewe ni baba, hata angekuwa mama, hata ndugu. Mwili haukubali ngozi ya mwingine. Ikitoka usiogope. Wakati huo tutachukua yake mwenyewe, na hiyo itakaa." Akamuuliza kama ameelewa. Baba akajibu kwamba ameelewa, na kuonyesha kwamba ameelewa akarudia, "Itatoka." Uji ulikuwa unanichoma vidole kupitia kile kitambaa, ndiyo maana nakumbuka kila neno.

Walipofungua bandeji mara ya kwanza, ile ngozi ilikuwa imeshika. Ilikuwa imelala kifuani pa Naomi vipande vipande, imepata rangi, na mtoto kwa mara ya kwanza aliomba chakula. Aliomba makande, Mungu amsamehe. Siku ya kuona wagonjwa bibi alikuja na shangazi na kundi la watu wa ukoo, na bibi alipoona akapiga vigelegele palepale wodini. "Damu imemjua mwenyewe," alisema, kwanza kwa Kiswahili, wodi nzima isikie, halafu kwa Kishambaa, kwa ajili yetu. Sikuelewa furaha ile yote ilitoka wapi hadi nilipomsikia shangazi jikoni akimnong'oneza mwenzake kwamba sasa midomo ya watu itafungwa. Kumbe kulikuwa na midomo. Kumbe tangu Naomi azaliwe walikuwa wanahesabu miezi ambayo baba alikuwa Korogwe, na wameona hesabu haikai sawa, na sasa ngozi imeshika, basi mtoto ni wetu. Baba alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, paja limefungwa, watu wanampa mkono kama bwana harusi. Angeweza kusema palepale, ndugu zangu, hii haishuhudii kitu, daktari amesema itatoka. Hakusema. Nimeishi miaka mingi nikiifikiria dakika ile, na namwelewa zaidi ya ninavyotaka. Naye pengine alikuwa amehesabu miezi. Shangwe ilimfaa, akaiacha iendelee, na aliyekubali ushahidi ukiwa upande wake atapata wapi mdomo wa kuukataa ukigeuka?

Ukageuka, kama daktari alivyosema. Kingo za ile ngozi zilianza kuwa nyeusi, kisha ikalegea, na siku ya kubadilisha bandeji ikawa inatoka na pamba, vipande vyepesi vya rangi ya karatasi iliyolowa chai. Shangazi alikuwepo siku hiyo, ameleta ndizi. Aliangalia, akaweka ndizi chini, akaondoka bila kuaga. Mama hakumwona, au alimwona akapuuza, maana macho yake yalikuwa kwenye lile beseni la chuma walimokuwa wanatupia bandeji chafu. Alimuuliza Sista Agneta vitu vile vinapelekwa wapi. Sista akasema shimoni, vinachomwa. Mama akasema bandeji sawa, zichomwe, lakini ile ngozi anaiomba. Sista alisita, akaenda kumuuliza daktari, akarudi akasema apewe, ila anawe mikono kwa sabuni.

"Ni mwili wa mume wangu," mama alisema. "Siwezi kuuacha ukaungue na matambara."

Alivitoa vile vipande kimoja kimoja, akavifunga kwenye leso yake nyeupe ya kanisani, ambayo hakuwa na nyingine. Nyuma ya jiko la wauguzaji kulikuwa na mti wa mshai. Nilichimba mimi, kwa kisu cha kumenyea viazi, na mama akaiweka ile leso, akafukia, akasema Baba Yetu hadi mwisho, bila haraka. Kisha tukarudi, akanawa, akamnywesha mtoto. Hakujua kwamba wakati ule shangazi yupo njiani, anapeleka habari kwamba damu imemkataa mtoto.

Kikao kilikaa nyumbani kwa bibi, Jumapili, watu wametoka ibadani na nguo zao nzuri. Mimi nilikuwa nimetumwa nyumbani kuchukua unga, nikazuiwa niwahudumie wazee. Nilipita na sinia la magimbi ya kuchemsha na chai isiyo na sukari. Baba mkubwa, kaka yake baba, ndiye aliyekuwa anasema. Mama hakuitwa. Walisema walishangilia mapema, walisema Mungu ameonyesha mwenyewe bila mtu kwenda kwa mganga, walisema mwanamke arudi kwao Mgwashi na mtoto wake akishapona, na mimi nibaki. Bibi alikuwa amekaa karibu na moto, kama alivyokuwa amekaa asubuhi ile ya makande, na alikuwa anaonekana kama mtu aliyetuliwa mzigo. Niliweka sinia chini. Katika nyumba ile msichana hakusema mbele ya wazee, lakini nilisema.

"Daktari alisema itatoka. Alisema itatoka hata kama ni baba. Baba alikuwepo, muulizeni."

Baba mkubwa alimgeukia mdogo wake, akamwita bwana kwa Kishambaa. "Mgosi, uliambiwa hivyo?"

Baba alikuwa ameshika gimbi ambalo hajalimenya. Aliligeuza, akalitazama upande wa pili, kana kwamba jibu liko huko.

"Sikumbuki," alisema.

Ndiyo yote. Hakumsema mama vibaya, hakukubali, hakukataa. Baba mkubwa aliniambia niende nikaangalie chai. Nilikwenda jikoni nikalia hadi moto ukazima, na tangu siku ile, mtu akiniambia hakumbuki, namtazama mikono.

Naomi alipona kwa ngozi yake mwenyewe, iliyochukuliwa mgongoni. Siku ya kutoka hospitali, daktari alimpa mkono akamwita shujaa, na nje ya geti alikuwepo mjomba wetu aliyekuja kuwapeleka Mgwashi, kwa sababu ujumbe ulikuwa umeshatumwa kule. Mama nilikuwa nimeshamweleza ya kikao, nikamsihi arudi ndani amwombe daktari aje kusema mbele ya ukoo. Alinitazama kwa huruma, kama vile mimi ndiye niliyeachwa. "Daktari anishuhudie kwa mume wangu?" alisema. "Mume wangu mwenyewe alikuwepo." Kisha akampandisha Naomi mgongoni, juu ya mgongo ambao ulikuwa na afya kuliko wa mtoto, wakaondoka.

Kwetu mwanamke akirudishwa kwao, jambo halijaisha. Mume akitaka, humfuata. Huja na wazee wawili watatu, hukaa uani kwa wakwe, husema maneno, hutozwa faini, hula, kisha huondoka na mke wake. Wengi hufuatwa. Mama aliamini atafuatwa. Niliruhusiwa kwenda kumwona Krismasi ile, nikamkuta katika chumba cha nyuma cha nyumba ya mjomba, chumba chenye dirisha moja linalotazama njia. Kila Jumamosi alifagia uani, si kufagia kwa kawaida, alifagia hadi njia kuu, akanyunyiza maji vumbi litulie. Alikuwa na jogoo mwekundu aliyemfunga mguu kwa utepe wa kitambaa, na mke wa mjomba alipotaka kumchinja kwa sikukuu, mama alisema huyo ni wa wageni. Tulikula maharage Krismasi. Naomi alikuwa anakimbia uani na kifua chake kilichokunjamana, anamfukuza jogoo wa wageni, na mama anamwambia polepole, usimkondeshe. Niliporudi Pasaka jogoo alikuwa bado yupo. Mwaka uliofuata pia alikuwepo. Alizeeka akafa kifo chake, hakuna aliyemla.

Baba hakwenda. Aliacha mkonge, akarudi shambani, hakuoa tena, na watu walilichukua hilo kama ushahidi wa jinsi alivyoumizwa. Mama alipofariki alimtuma baba mkubwa na debe la viazi. Mimi nilibaki Kwai. Niliolewa karibu, nikafiwa na mume, nikarudi kumtunza baba, na kwa miaka yote tuliyokaa sahani kwa sahani hatukuizungumzia siku ile. Nilimpikia, nilimfulia, nilimpenda, na nilikuwa na hasira naye kila siku ya Mungu. Mtu asiyejua atasema vitu hivyo havikai jiko moja. Vinakaa. Hasira ilinikausha kuliko umri. Wahenga walisema mwenye kovu usidhani kapoa, na mimi sikuwa na kovu hata moja mwilini.

Mwaka huu baba aliposhindwa kuinuka, nilimwandikia Naomi. Ni mwalimu Tanga, ana watoto wakubwa, na kwa kawaida alikuja Kwai kwa misiba tu. Alikuja. Aliingia chumbani, akapiga goti, akasema, "Shikamoo, mzee." Hakuwa amemwita baba tangu wapelekwe Mgwashi. Baba akaitikia, "Marahaba, mwanangu," na Naomi akatazama dirisha. Kesho yake tulimwogesha pamoja, mimi nimeshika beseni, yeye taulo. Chumba kilinuka majivu na mafuta ya mikaratusi. Alipofika kwenye paja la kushoto mkono wake ukasimama. Hadithi alikuwa anaijua, lakini ile alama hakuwahi kuiona.

"Hiyo ni yako," baba alisema. Macho alikuwa ameyafumba.

Naomi alichovya taulo tena kwenye beseni. Maji yalikuwa yanapoa.

"Daktari aliniambia itatoka," baba akasema tena. "Nilikumbuka. Siku ile nilikumbuka, na siku zote nimekumbuka."

"Mama alingoja," Naomi akasema.

Baba aligeuzia uso ukutani. Kisha aliniuliza, mimi, si Naomi, ile ngozi walikwenda kuitupa wapi, maana siku zake zimekaribia na anaogopa kuzikwa pungufu. Nikamwambia haikutupwa. Nikamwambia mama aliiomba, akaifunga kwa leso yake ya kanisani, akaizika chini ya mshai nyuma ya jiko la wauguzaji, akaisomea Baba Yetu.

"Mama yenu?"

"Alisema ni mwili wa mume wake."

Sijawahi kuona mzee akilia vile, bila sauti, hata katika hilo hakupandisha sauti. Alipoweza kusema aliomba akifa tumletee udongo wa pale mahali, tumzike nao, awe mzima. Nikasema ndiyo, baba, tutaleta. Naomi alikuwa amesimama anakamua taulo, anakamua hadi halina tone.

Alifariki kabla wiki haijaisha, na kwa vile msiba hauna subira, alizikwa bila ule udongo. Tulipomaliza matanga Naomi akaniambia twende tukauchukue. Jiko la wauguzaji halipo tena, wamejenga jengo la matofali lenye vigae, lakini mshai upo, umekuwa mnene mikono yangu miwili haiuzunguki. Naomi alipiga magoti na mavazi yake ya kialimu, akachimba kwa kijiko, akajaza kitambaa. Tulipotoka barabarani mimi niligeukia upande wa Kwai. Yeye alisimamisha gari linalokwenda Mgwashi. Nikamwambia tumemwahidi mzee azikwe mzima, ahadi ya marehemu si ya kuchezea. Akasema, "Wewe ndiye uliyeahidi. Mimi nilikuwa nakamua taulo." Nikapanda. Njia nzima kile kitambaa kilikaa mapajani pake.

Kaburi la mama liko nyuma ya nyumba ya mjomba, kando ya mibuni. Naomi aliomba ufagio kwa mke wa mjomba, mzee sana sasa, akafagia kaburi, akafagia uani, akafagia hadi njia kuu, na akaomba maji akanyunyiza. Mimi nilisimama tu. Kisha akapiga magoti pale kichwani, akachimba kidogo, akaweka kile kitambaa kama kilivyo, kimefungwa.

"Shikamoo, mama," alisema. "Baba amekuja kukufuata."

Akafukia kwa mkono, akajifuta udongo kwenye kitenge, nami nikaenda kurudisha ufagio.